Mfuniko

Mimi huvusha maneno, Mahakama ya Makadara, chumba cha tatu,
dari inavuja pale penye bendera.
Leo nimevusha mashahidi wawili na kikohozi.
"Amesema nini?" aliuliza hakimu.
Amekohoa, Mheshimiwa.

Makokha, mvuta mkokoteni wa Gikomba, hana wakili.
Aling'oa mfuniko wa shimo la majitaka, Barabara ya Likoni,
usiku wa mvua,
akauuza kwa kilo: arobaini na mbili, kila kilo thelathini na tano.
Piga hesabu mwenyewe, mimi nimeshaipiga kwa lugha mbili.

Alfajiri akapita Syombua, trei tano za mayai zimefungwa kamba.
Mvua ilikuwa imejaza shimo hadi mdomoni.
Lami, maji, shimo, vyote uso mmoja:
usawa kamili, ule unaosifiwa vitabuni.
Nimeusikia mara hiyo moja tu,
na ulimvunja mtu mguu.

Jioni mimi ni mwanafunzi, Parklands, kiti cha nyuma.
Mwalimu Gathogo alituchorea pazia ubaoni.
Jiwekeni huku nyuma, alisema, kabla ya kuzaliwa,
hamjui kama mtakuwa mng'oaji au mtumbukiaji,
kisha tungeni sheria.
Nilifumba macho kwa bidii.
Nikasikia jenereta.
Sikumwona mtu yeyote asiye na mama.

Mwendesha mashtaka hahitaji pazia.
Miaka mitatu, anasema, iwe funzo;
wezi wa vyuma wamezidi, mji unatoboka kama chekeche.
Kwa hiyo Makokha afungwe kwa ajili ya watu ambao hawajaiba bado.
Heri afungwe kwa ajili yake mwenyewe,
kwa kilo zake arobaini na mbili, si gramu zaidi:
adhabu nayo ipimwe, kama chuma.
Lakini mwenye mizani yuko wapi?
Mnunuzi hayumo kwenye faili.
Barua tatu za wenye maduka, zenye mhuri wa kupokelewa
na kaunti, hazimo.
Hata shimo halimo. Nililitafuta.

"Mshtakiwa, una la kujitetea?"
"Mheshimiwa, mnyonge mnyongeni..."
akanyamaza, akanitazama,
kana kwamba nusu iliyobaki ni kazi yangu.
Kiapo changu hakiniruhusu kumalizia.
Nikavusha nusu.
Kwa Kiingereza ilisikika kama mtu anayeomba kunyongwa.

Kisha Syombua, gongo kwapani:
"Nataka haki yangu."
Hapo nikakwama.
Kwetu neno hilo ni sufuria moja:
stahili imo, ukweli umo,
mayai mia moja na hamsini yamo,
na kutazamwa usoni unaposema.
Kiingereza kinataka nipakue, kila kitu sahani yake,
na kalamu ya hakimu inasubiri.
Nikapakua kimoja.
Sitasema kipi.

Akaongeza, kwa sauti ya chini:
"Na ule mfuniko, umerudishwa?"
Swali halikuelekezwa kwa yeyote,
kwa hiyo halikuandikwa.

Miezi kumi na minane, au faini elfu hamsini.
Kwenye korido mamake Makokha alifungua kitambaa,
akahesabu,
akakifunga tena.

Sikwenda darasani moja kwa moja. Nilizunguka hadi Barabara ya Likoni.
Mtu alikuwa amechomeka tawi la mkrismasi shimoni,
na tairi kuukuu, na utepe mwekundu wa gunia.
Hakushtaki, hakushtakiwa,
hakulazimishwa na kifungu chochote ninachokijua.
Sijui Mwalimu angemweka fungu gani.
Tawi lilikuwa limeinama upande wa magari.
Nikatafuta jiwe, nikalikaza.
Nilifika somo limeshaanza,
viatu vyangu vikinuka.